Deki ya Nne ya Mwalimu

Wifi yangu ni mtu wa kuudhi. Naanza na hilo ili asije mtu baadaye akasema namsifu kwa kuwa ni dada wa mume wangu. Anaudhi akiwa amekaa, anaudhi akiwa kazini, na neno lake la kwanza kwa kila mteja, hata aliyeingia akihema, ni "ngoja". Ndiyo maana mtaa mzima humwita Fundi Ngoja. Jina lake la kuzaliwa nadhani hata yeye hulitumia hospitalini tu.

Tunagawana chumba kimoja cha duka. Upande wa dirishani niko mimi na cherehani yangu. Upande wa ukutani yuko yeye na deki zake, redio zake, na televisheni moja ya kujaribia yenye ufa pembeni ya kioo. Katikati hakuna mpaka, kuna ugomvi. Nyuzi zangu zinaingia kwenye mashine zake, na skrubu zake naziokota kwenye pindo za nguo za watu. Kuna bibi harusi alinirudishia gauni akilalamika kwamba linamdunga kiunoni. Nilikuta skrubu mbili. Nilipompelekea Ngoja kwa hasira zangu zote, alizipokea, akazitazama, akasema alikuwa akizitafuta tangu juzi.

Ufundi aliuanza kwa kaka yake, yaani mume wangu. Kijana yule alikuwa akifungua kila chenye skrubu: redio ya baba yao, saa ya ukutani, pasi. Kufungua alijua, kufunga ndiko kulikomshinda. Kila akimaliza kulibaki skrubu mezani, na Ngoja, wakati huo binti wa miaka kumi, aliziokota na kuzitia kwenye kopo. Kisha alikaa na kopo lake akitafuta kila moja ilitoka wapi. Redio ya baba iliimba tena, na aliyeiimbisha hakuwa yule aliyekuwa akijigamba. Kopo lile bado lipo, juu ya rafu. Tukikutana kifamilia hulitikisa mbele ya mume wangu, naye huuliza kama chakula kimeiva.

Sasa ana masharti yake. Deki hapokei peke yake. Unaleta deki, rimoti, waya zote, diski inayosumbua, na kile kitambaa unachokitandika juu ya deki ili sebule ipendeze. Watu humwona ana kichaa mpaka awaonyeshe. Nusu yao shida ni kitambaa: deki imefunikwa gubigubi, inapata joto, inagoma. Wengine wamechomeka waya wa njano wa picha kwenye tundu jekundu la sauti, halafu wanalalamika picha imetoroka. Wengine betri za rimoti zilikufa zamani na hakuna aliyezizika. Yuko mzee mmoja mstaafu wa benki aliyekuwa akiweka diski kinyume, upande unaong'aa juu, kwa sababu kitu kizuri, alisema, hakilazwi kifudifudi. Ngoja aliigeuza, akabonyeza, kwaya ikaanza. Mzee alikasirika kabisa. Akasema deki inayochagua upande ni deki yenye kiburi.

Basi Alhamisi moja akaingia Mwalimu.

Huyu anafundisha hesabu kwenye shule iliyo nyuma ya soko, na ndiye mkuu wa nidhamu. Mrefu, mkavu, shati limenyooshwa hadi unaogopa kulisogelea. Wanafunzi wakimwona barabarani hufunga vifungo vya kola, hata waliovaa fulana. Siku hiyo alikuwa amekumbatia mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na deki.

"Fundi, nataka deki mpya," akasema.

"Ngoja. Hiyo ina nini?"

"Mbovu. Inakwama."

"Inakwama wapi?"

"Popote."

"Popote si mahali, Mwalimu. Diski umeleta?"

Diski alikuwa nayo kwenye mfuko wa shati, ndani ya bahasha, na aliitoa kama mtu anayekabidhi mtihani ambao hakuusoma. Akaongeza kwamba hiyo ni deki ya tatu, zote mbovu, kwamba siku hizi viwanda havina haya. Mimi moyoni nilifurahi. Mteja anayetaka kununua kabla hujamshawishi hatokei kila siku, na rafu ya Ngoja ilikuwa na deki tatu mpya zilizokaa hadi nazipangusa vumbi mimi.

Ngoja hakuitazama rafu. Alifungua deki ya Mwalimu, akasafisha lenzi kwa pamba na spiriti ingawa ilikuwa safi, akabadilisha waya, akaweka diski yake mwenyewe ya katuni. Katuni ikakimbia mwanzo hadi mwisho bila kujikwaa. Akaitikisa deki, katuni ikaendelea.

"Deki yako nzima," akasema.

"Haiwezekani," akasema Mwalimu, na nilishangaa kuona amesikitika.

Ndipo Ngoja akaweka diski ya Mwalimu. Ilikuwa video ya harusi, harusi yake mwenyewe, ya miaka kumi na minne nyuma. Tukawaona wageni wakila, tukaiona keki, tukamwona Mwalimu akiwa kijana, shingo imepotea ndani ya kola. Bibi harusi akatoka kwenda kubadilisha gauni. Msema chochote akamkaribisha bwana harusi aseme mawili matatu. Mwalimu akasimama, akashika kipaza sauti, akafungua mdomo, na picha ikakatika vipande vipande kisha ikaganda. Ngoja akarudisha nyuma. Ikaganda palepale. Akarudisha tena.

"Dakika ya arobaini na moja," akasema Ngoja. "Popote yako inajua saa."

Mwalimu alikuwa akisoma kalenda ukutani. Ilikuwa kalenda ya mwaka uliopita.

"Nipe tu mpya," akasema. "Ile yenye taa."

Hapo Ngoja akaanza somo lake, nami nalijua kwa moyo. Deki haichaguliwi kwa taa. Taa ni za kuwafurahisha wageni. Unatazama nyuma kwanza, kama matundu yake yanafanana na ya televisheni yako. Unavuta trei, ikitetemeka unaiacha. Unaishika rimoti, unauliza kama ikipotea nyingine itapatikana. Na mwisho unaipa diski yako mbaya kuliko zote, siyo ile ya dukani inayong'aa, kwa sababu hata deki ya ovyo husoma diski mpya. Akazishusha zote tatu, akazipa ile diski ya harusi moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikaganda dakika ya arobaini na moja. Ya pili ikaganda. Ile yenye taa iliganda huku taa zikiwaka rangi zote.

"Nachukua hii ya taa," akasema Mwalimu.

"Sikuuzii."

Nilisimamisha cherehani. "Wifi," nikamwambia, "mtu anataka kununua."

"Anunue aipeleke wapi? Ikagande huko?"

Mwalimu akaketi kwenye kiti cha wateja wangu, juu ya magauni mawili ya watu, na sikumwambia ainuke, kwa sababu uso wake ulikuwa umebadilika. Akasema mama mkwe wake alifariki miezi minne iliyopita. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, haikurekodi chochote. Picha zake zipo, lakini sauti yake haipo popote duniani isipokuwa kwenye diski ile, mara tu baada ya pale inapokwama. Mkewe, ambaye sote twamjua kwa jina la Mama Pacha, kila jioni huiweka, huketi, husubiri mpaka igande, huizima, halafu huenda kupika bila kusema neno. Na Jumapili dada zake wawili wanakuja kutoka mbali. Amewaahidi kwamba watamsikia mama.

"Nikirudi bila deki inayosoma," akasema, "sijui nitamtazamaje."

Mimi nilikuwa nimeshalainika. Ngoja yeye aliitoa diski, akaipeleka dirishani, akaiinamisha kwenye jua.

"Wifi, hebu njoo. Wewe unaona nini?"

Mimi na mdomo wangu. Mikwaruzo midogo ya kawaida ilikuwepo, huku na huku. Lakini mmoja ulikuwa tofauti: mwembamba, mrefu, umepinda vizuri nusu ya diski nzima bila kutetereka. Nimekata shingo za magauni miaka ishirini na sijawahi kupata mviringo kama ule.

"Huu haukukwaruzika," nikasema. "Huu umechorwa. Tena na mtu mwenye mkono mzuri."

Ngoja akaiinua tena kwenye jua.

"Mtoto akikwaruza, hukwaruza kama kuku," akasema Ngoja taratibu. "Huyu ametumia bikari. Mwalimu, nyumbani kwako nani ana bikari?"

Mwalimu aliitazama kalenda tena, akaona haimsaidii. Akavua miwani.

Akatueleza. Siku ya harusi, alipopewa kipaza sauti, alilia. Si machozi mawili ya heshima. Alilia kwa sauti, na makamasi. Diski ilipoletwa na mpiga video, karibu mwaka mzima baadaye, waliitazama mara moja tu, yeye na mkewe, na mkewe alicheka hadi akaanguka kwenye kochi. Yeye akasema lile ni jasho. Mkewe akasema sawa, Jumamosi walimu wenzako wakija tutawaonyesha jasho lako. Na mwezi huohuo alikuwa ametoka kuteuliwa mkuu wa nidhamu.

"Kwa hiyo Ijumaa," akasema.

"Kwa hiyo Ijumaa," akaitikia Ngoja. "Lakini tundu la diski ni kubwa. Sindano ya bikari uliiegemeza wapi?"

Hapa nusura nizibe masikio. Mwalimu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba alikata kiduara cha karatasi ngumu, akaziba nacho lile tundu, akatafuta kitovu chake, ndipo akachora.

Nilicheka. Naomba radhi, lakini nilicheka hadi nikashika meza. Mtu anaharibu kitu cha ndoa yake na bado anatafuta kitovu.

Ngoja hakucheka. Alimweleza jambo ambalo lilimuumiza kuliko kicheko changu. Diski, alisema, inasomwa kwa kuzunguka, kama sindano ya cherehani ya wifi yangu huyu inavyofuata mshono. Ungekwaruza ovyo, kutoka katikati kwenda ukingoni, deki ingeuvuka mkwaruzo mara moja ikaendelea na safari. Wewe umechora kwa kufuata njia yenyewe. Kila inapopita inakutana na wewe. Mtu asiyejua hesabu asingeweza kuiharibu hivi.

"Na mkeo anajua?"

"Anaamini ni deki," akasema Mwalimu. "Ya kwanza ilipokwama nilimnunulia mpya kwa aibu. Ya pili pia. Miaka kumi na mitatu nimekuwa nikitafuta deki itakayoniruka."

Ngoja alimpa kitambaa laini na dawa ya kung'arishia, akamkalisha kwenye benchi. Sugua wewe, akamwambia, kutoka katikati kwenda nje, mstari mnyoofu, usizungushe. Basi mkuu wa nidhamu akakaa dukani kwetu mchana kutwa akisugua. Kila mara mkono wake ulianza kuzunguka wenyewe, na kila mara Ngoja, bila kuinua kichwa kutoka kwenye redio aliyokuwa akiifungua, alisema, "Mnyoofu, Mwalimu." Wanafunzi wawili walipita dirishani, wakaona, wakafunga vifungo, wakakimbia.

Wakijaribu, diski inaganda. Anasugua tena. Inaganda, lakini sekunde chache mbele zaidi. Jua lilipoanza kushuka Ngoja akainama chini ya meza, akavuta deki yake mwenyewe, ile anayotazamia katuni zake, kubwa, nzito, nyeusi iliyobabuka, haina taa hata moja. Akasema za zamani hizi hazina haraka, zikikutana na pabaya hurudia hadi zielewe.

Akaweka diski. Dakika ya arobaini ikapita. Mwalimu kwenye kioo akasimama, akafungua mdomo. Picha ikasita, nasi tukaacha kupumua, kisha ikaendelea. Na kweli alilia. Nimehudhuria misiba iliyokuwa na utulivu kuliko kile kilio. Kisha mkono wa mwanamke ukaingia pembeni ya picha, ukamvuta, na sauti ya mama mtu mzima ikasema, juu ya kilio chake, "Nyamaza, baba."

Ngoja akazima.

"Wifi!" nikasema.

"Hii si yetu. Wa kwanza kuisikia ni mwenyewe."

Mwalimu alikuwa amekaa na kitambaa mkononi. Kisha akauliza, kama anaulizia kitu kidogo, "Haiwezekani ikaanzia pale mama anapoongea? Pale kwangu tuparuke?"

"Ngoja," akasema Ngoja, akafikiri kweli, maana haki humtendea kila mtu. "Haiwezekani. Mama anaongea huku wewe unalia. Ukijitoa wewe, unamtoa na yeye. Chagua."

Mwalimu aliichukua ile deki nzee. Ilikuwa deki ya nne ya nyumba ile na mbaya kuliko zote kwa sura, na Ngoja aliniachia mimi kazi ya kuifunga kwenye gazeti.

Jumapili alasiri tulikwenda sote wawili kuiunganisha, kwa sababu Ngoja hamwamini mtu na waya wa njano. Sebule ilikuwa imejaa. Dada zake Mama Pacha walikuwa wameketi kwenye kochi wameshikana mikono, na Mama Pacha mwenyewe, mnene, mtulivu, mwenye macho ya mtu anayeficha pipi, alikuwa kwenye mkeka karibu kabisa na kioo. Juu ya kabati kulikuwa na kitambaa cha kufuma. Ngoja alikikunja bila kuuliza, akakitia mfukoni.

Mwalimu alisimama mlangoni. Sijui kama alikuwa akiingia au akijiandaa kukimbia.

Dakika ya arobaini na moja ikafika. Picha ikasita, ikapita. Bwana harusi akalia. Dada mmoja akasema, "Eh, shemeji," na mwingine akamfinya. Kisha mama akatokea mzima, amevaa kilemba cha bluu. Alikivua kilemba chake mbele ya wageni wote, akampangusa nacho mkwewe pua, akachukua kipaza sauti.

"Nyamaza, baba. Nimekwambia umchukue, sijakwambia umrudishe. Futa makamasi, watu wanapiga picha." Ukumbi ukacheka. Mama akasubiri wamalize. "Na mwanangu, huko anakovaa gauni, mtanipelekea salamu. Mwambieni, huyu ni mtu wa machozi ya karibu. Akilia nyumbani, asimcheke mbele za watu. Amcheke wakiwa wawili."

Walirudisha mara tatu. Mara ya pili dada zake walilia, mara ya tatu walicheka na kulia pamoja, wakaondoka kwenda jikoni kunawa nyuso. Mama Pacha hakulia wala hakucheka. Alikaa ameweka kiganja kwenye kioo.

Mimi na Ngoja tulikuwa tumechuchumaa nyuma ya kabati tukipanga waya, na nadhani walitusahau. Mwalimu akasogea, akapiga magoti kwenye mkeka, akasema, "Mke wangu, nina jambo. Haikuwa deki."

Mama Pacha akainuka, akaenda kwenye droo ya cherehani yake iliyokuwa pembeni, akarudi na kitu kidogo, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe. Nilichungulia. Kilikuwa kiduara cha karatasi ngumu, kimekatwa vizuri sana, na katikati, katikati kabisa, kina tundu la sindano.

"Nilikikuta mfukoni mwa shati lako Jumamosi ileile," akasema. "Nilipofua."

"Miaka kumi na mitatu hukusema?"

"Mama alisema nisikucheke mbele za watu. Nikaona nikucheke peke yangu. Nilitaka kuona utanunua deki ngapi. Lakini tangu mama afariki sijacheka. Kila jioni nilikuwa naiweka ukiwa umekaa hapo, nikingoja useme tu. Ningekusamehe hata kama isingepona. Nilikuwa nataka useme."

Mwalimu akavua miwani, akaivaa, akaivua.

"Deki hii inatoa joto," akasema. "Naona natoka jasho."

Mama Pacha akavua kilemba chake, akampangusa pua.

Nilihisi kicheko kinanipanda kutoka tumboni, kikubwa, cha miaka yote. Ngoja akanishika mkono akaubana kwa nguvu. Mle ndani tulikuwa wanne, si wawili, kwa hiyo hakucheka mtu.